Tata Beya Omer na Mfalme Aliyemzidi Baba Yake Umri

Tata Beya Omer, mkuu wa chumba cha kuandaa sampuli, anastaafu tarehe 30 mwezi wa sita baada ya kuitumikia maabara yetu ya Kolwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Hiyo ni hesabu ya ofisi ya wafanyakazi. Kwa hesabu yake mwenyewe ni thelathini na mitatu, kwa kuwa miwili ya kwanza alibeba magunia kama kibarua bila jina lake kuandikwa popote. Tumeziacha hesabu zote mbili zisimame hapa. Anayetaka kubishana na amtafute mwenyewe, ila aje ameshiba, maana hataachiliwa mapema.

Wengine wataona ajabu mtu kustaafu siku ya sikukuu ya uhuru, siku ambayo hakuna anayekwenda kazini. Yeye haoni ajabu yoyote. Alisema kwamba baada ya kuamka alfajiri maisha yake yote, anataka siku yake ya mwisho ya kazi aipitishe kitandani, na kampuni imlipe.

Alizaliwa Dilala, mtaa wa mji wetu huu, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa madini ambazo jirani na jirani wanatumia ukuta mmoja, ukipiga chafya unatakiwa afya kutoka upande wa pili. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba yake naye akachimba shaba. Omer akaapa kwamba yeye hatashika sururu, na kweli hakuishika: alishika magunia. Kutoka kwenye magunia akapanda hadi kwenye bomba la kuchukulia sampuli, kutoka hapo akapewa tanuri, na mwishowe akakalishwa kwenye kiti cha mkuu wa chumba. Kiti hicho kina mguu mmoja mfupi. Tulitaka kumbadilishia mara nyingi akakataa, akidai kinamsaidia asisinzie.

Kwa wageni watakaosoma ratiba hii ya sherehe ya kumuaga bila kujua tunafanya nini humu ndani, tueleze kidogo. Lori linafika kwa barabara ya Fungurume limejaa magunia makubwa ya unga wa kobalti. Huwezi kulipima lori zima. Unatoboa kila gunia kwa bomba, unachota kidogo juu, kidogo katikati na kidogo chini. Ulichochota unakikausha, unakisaga, unakitia kwenye mashine ya kuchanganyia kwa nusu saa nzima, kisha unakigawa katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza kinapimwa na mkemia mmoja, cha pili kinapimwa na mwingine, na ni marufuku hao wawili kuulizana. Cha tatu kinafungwa na kupigwa muhuri, kinawekwa kabatini kusubiri siku ambayo wale wawili watakosana. Tunakiita kikombe cha mwamuzi. Kazi ya Tata Beya ilikuwa kuhakikisha kwamba vikombe vyote vitatu vinasimulia lori lilelile.

Aliifanya kazi hiyo kwa majivuno makubwa, na hatutamsingizia unyenyekevu leo kwa sababu tu anaondoka. Koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Masharubu yake yalichanwa mara mbili kwa siku. Wakaguzi walipokuja kutupa cheti cha ubora, walitaka kukagua chumba chake kwa muda mfupi na wakatoka jua likizama, kwa kuwa aliwaonyesha kila brashi na historia yake. Cheti tulikipata. Mkaguzi mmoja aliondoka akiwa anaumwa kichwa.

Ni yeye pia aliyemkamata Dady, mkemia wetu, akipasha moto kapenta zake ndani ya tanuri la sampuli. Juma zima kobalti ya Lualaba ilinuka samaki, na dereva mmoja wa lori aliuliza kama tumeanza biashara ya ziwani. Tata Beya hakumshtaki Dady. Alikula nusu ya zile kapenta, akasema huo ni ushahidi na ushahidi lazima uharibiwe.

Lakini tusidanganyane, katika Kolwezi hii Tata Beya hajulikani kwa ajili ya vikombe. Anajulikana kwa Biblia.

Mambo yalianzia chini ya banda la magunia, mahali tunapokula saa sita. Dady huyohuyo alikuja siku moja na simu mkononi, uso umemng'aa kama mtu aliyeota mgodi nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameona video ya bwana mmoja mwenye ndevu aliyekuwa akihesabu mafungu ya Biblia yanayopingana, na yalikuwa mengi kuliko vidole vya sisi sote mezani. Tata Beya alikuwa mzee wa kanisa lake huko Dilala, na kila Jumapili baada ya ibada alikalia kiti cha mbele kujibu maswali ya waumini. Alifuta masharubu, akasema maneno mawili tu: "Leta moja."

Tangu siku hiyo hatukula tena kwa amani. Sheria iliwekwa: kila mchana mtu mmoja analeta fungu linalopingana na lingine, na Tata Beya anatakiwa kuyapatanisha kabla sahani hazijakusanywa. Akishindwa, anaosha yeye. Kwa miaka mingi ya mwanzo sikumwona akiosha sahani hata moja, na naapa si kwa sababu majibu yake yalikuwa mazuri. Anayeandika hapa ni Mama Henriette Kabongo, katibu wa maabara, Mkatoliki, na mtu aliyemletea maswali mengi kuliko wengine wote. Kwa hiyo mnajua mapema kwamba siandiki bila upendeleo.

Nilianza na Yuda. Mathayo anasema alikwenda akajinyonga. Kitabu cha Matendo kinasema alianguka kifudifudi, akapasuka, matumbo yakamwagika. Basi alikufa mara ngapi? Tata Beya hakuacha hata kutafuna. Alijinyonga, alisema, kisha kamba ikakatika. "Ile kamba ilikuwa ya ku soko, Mama Henriette. Kama ilikuwa ya muzuri, Matendo haingekuwa na kitu ya kuandika." Watu wa magunia, ambao wote wameshaona mkanda mbovu ukikatika na gunia la tani nzima likipasukia chini, walitikisa vichwa kwa heshima. Nikashindwa.

Nikaleta vipofu wa Yeriko. Kwa Mathayo ni wawili, kwa Marko ni mmoja. Akajibu: "Kama babili balikuwa pale, moja alikuwa pale. Marko aliandika ule wa makelele." Nikamwambia kwamba kuna neno lingine: mwandishi wa tatu anasema Bwana alikuwa anakaribia Yeriko, hao wawili wanasema alikuwa anatoka. Hapo alinitazama kwa huruma. Yeriko zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, na mtu anaweza kutoka moja huku anaikaribia nyingine. Kila pikipiki ya Dilala inafanya hivyo tangu asubuhi, na hakuna anayeziita za uongo.

Jogoo wa Petro aliwika mara moja au mara mbili? Badala ya kujibu aliuliza nani kati yetu amewahi kuhesabu jogoo. Majogoo wa jirani yake, alisema, wanawika saa yoyote wanayotaka, hata kama hakuna mtu aliyemkana mtu. Na Goliathi aliuawa na Daudi, au na yule Elhanani anayetajwa mbele kidogo? Alisema Elhanani alimuua mdogo wa Goliathi, na kwamba hata hivyo Goliathi hawakosekani, kila taifa lina wake, kama vile kila ofisi ina Kabongo wake. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Mnaona tabia yake. Tata Beya alikuwa na ugonjwa wa kukubalianisha. Ukimpa vitu viwili vinavyogombana, hatavipa nafasi ya kugombana hata dakika moja. Atavishonea koti moja, mikono mirefu, na kukuambia ni ndugu mapacha. Kanisani kwake walimpenda sana kwa hilo. Watu walikuja hadi kutoka Mutshatsha na maswali yao, wakarudi kwa treni wakiwa wametulia. Mimi nilikuwa narudi mezani kwangu nikiwa na hasira, kwa sababu kila mara nilihisi nimelaghaiwa na sikuweza kuonyesha mahali.

Ndipo nikampata mfalme Ahazia.

Nawaomba mnifuate vizuri, maana hili si gumu. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Ahazia alianza kutawala akiwa na miaka ishirini na miwili. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinasema arobaini na miwili. Mtu atasema ni tofauti ndogo, kila ofisi ya serikali ina makosa hayo. Lakini ukurasa mmoja nyuma, ukijumlisha miaka katika kitabu hichohicho, baba yake alikufa akiwa na miaka arobaini. Yaani baba anakufa ana arobaini, na mtoto anayekalia kiti chake ana arobaini na miwili. Mtoto amemzidi baba yake umri. Nilisoma jambo hilo kwa sauti chini ya banda, nikafunga kitabu, nikavuta sahani yangu ya bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, nikala kwa raha.

Tata Beya alifuta masharubu. Halafu, kama kawaida, koti likaanza kushonwa. Alisema ile arobaini na miwili si umri wa kijana mwenyewe, ni umri wa ukoo wa kifalme wa upande wa mama yake, tangu babu yao alipochukua kiti. Nikamuuliza kama basi mimi nina umri wa reli ya Mutshatsha, kwa kuwa babu yangu aliisaidia kuijenga. Banda zima lilicheka, hata madereva wa malori wakaja kuona kuna nini. Kengele ya kazi ililia. Hatukuisikia, au tuseme tuliisikia tukaipuuza. Tata Beya alikuwa amesimama na kijiko cha sombe mkononi, akinyooshea kidole Wafalme na kijiko Mambo ya Nyakati, sauti imepanda, masharubu yamelowa. Nje malori yalikuwa yamepanga mstari na kupiga honi. Aliporudi kazini hatimaye, alikuwa amechelewa sana na amekasirika zaidi.

Lori la kwanza katika mstari ule ndilo lililotuletea balaa.

Wakati huo tulikuwa na mkemia mpya, Jessica Ntumba, bado katika miezi ya majaribio. Alilelewa na shangazi yake anayeuza mboga, akasoma kemia kwa taabu ambazo hapendi kuzisimulia, na alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wake kuvaa koti la maabara. Anasema kidogo, anakula haraka. Pale mezani ni yeye peke yake ambaye hakuwa upande wowote. Kikombe cha kwanza cha lori lile alipewa yeye, cha pili akapewa Dady. Namba ya Jessica, yaani kiasi cha kobalti alichokipata, ilitoka chini, ya Dady ikatoka juu, na tofauti kati yao ilipita mbali kiasi kinachoruhusiwa.

Mwenye mzigo alifika na gari refu, akasema kwamba namba ya Dady inampendeza, maana kobalti nyingi ni malipo mengi. Mkurugenzi tuliyekuwa naye wakati huo hakupenda kelele, wala hakutaka kikombe cha mwamuzi kifunguliwe. Alipiga hesabu yake: Dady ni mtu wa zamani, Jessica ni wa juzi, kwa hiyo aliyekosa ni Jessica. Kabla ya jioni minong'ono ilikuwa imefika hata jikoni kwamba mnunuzi alimpa msichana kitu kidogo ili ashushe kobalti. Sikuamini. Na kila mtu alijua mwisho wake. Mkemia akifukuzwa kwa namba ya uongo, hakuna maabara yoyote ya Lualaba itakayompokea tena, kwa kuwa habari za namna hiyo zinafika Fungurume kabla yeye hajafika nyumbani.

Kilichobaki kilikuwa saini ya Tata Beya. Alitakiwa kuthibitisha kwamba vikombe viliandaliwa sawasawa na kwamba tofauti ilitoka kwa mkemia. Na kwa bahati mbaya alikuwa na maelezo tayari, kwa sababu sikuzote alikuwa na maelezo tayari. Msimu ulikuwa wa mvua. Msichana aliacha kikombe wazi, unga ukanywa unyevu, ukawa mzito, namba ikashuka. Hakuiba, alisahau tu. Mwenye mzigo anapata namba yake, Mkurugenzi anapata utulivu, Dady anabaki mkweli, na Jessica anaondoka bila kuitwa mwizi. Lilikuwa jibu zuri sana. Halikukosa chochote isipokuwa mtu aliyekiona hicho kikombe kikiwa wazi.

Maskini, alidhani anamsaidia. Alimweleza pale pale chini ya banda, kwa sauti ya baba, akiwa amemsogezea soda. Jessica aliweka tonge lake chini. Hakupandisha sauti.

"Tata Beya, kikombe yangu ilikuwa wazi? Weye uliiona? Ao uko natafuta tu bikubaliane, sawa vile ulifanya na Ahazia?"

Tata Beya aliondoa mkono wake kwenye ile soda. Alitazama meza. Alitutazama sisi, na sisi tukatazama bukari zetu. Halafu akainuka, akakusanya sahani zote, akaenda bombani akaziosha, ya kwake na za wengine, na hakuna aliyethubutu kufanya mzaha.

Jioni ile hakusaini. Aliomba kikombe cha mwamuzi kifunguliwe, mbele ya Mkurugenzi na mwenye mzigo kama utaratibu unavyodai, kikapimwa na mkuu wa wakemia mwenyewe. Namba ya tatu ikatoka. Haikuwa ya Jessica, haikuwa ya Dady, ilikuwa chini ya zote mbili. Mwenye mzigo alisema maabara hii imerogwa. Mkurugenzi alitaka kurudi kwenye jibu la unyevu, kwa kuwa lilikuwa limeshampendeza.

Tata Beya alikuwa amekwisha kuelewa. Watu watatu wamepima bila kuulizana, kwa mizani ileile, wametoa namba tatu. Basi tatizo halikuwa kwa wapimaji. Tatizo lilikuwa nyuma yao, kabla unga haujaingia vikombeni. Na nyuma yao alikuwa nani? Alikumbuka mchana ule wa Ahazia. Alikumbuka malori yakipiga honi, na yeye akiwasha mashine ya kuchanganyia huku bado anabishana na mimi moyoni, na kuizima muda mfupi baadaye akijiambia inatosha. Haikutosha. Unga wa gunia moja ulikuwa bado haujaonana na unga wa gunia lingine. Kila mkemia alikuwa amepima kwa ukweli kabisa kipande chake cha lori.

Angeweza kunyamaza. Jibu la unyevu lilikuwa bado liko mezani, na mwezi uleule alikuwa apewe medali ya utumishi mwaminifu. Suti ilikuwa kwa fundi. Wajomba walikuwa wamealikwa. Mtu wa umri wake hapendi kusimama mbele ya Mkurugenzi kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Alisimama. Meza yangu iko karibu na mlango wa ofisi ile, na mlango haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia yote bila kujitahidi sana. "Ni miye njo nilikosa," alisema. "Jessica eko muzuri, Dady eko muzuri. Miye njo sikuchanganya." Mkurugenzi aliuliza kwa nini mtu mwenye uzoefu wake ashindwe kuiacha mashine izunguke. Akajibu kwamba alikuwa amekasirishwa na mambo ya Ahazia. Mkurugenzi aliuliza huyo Ahazia ni wa idara gani.

Lori lilichukuliwa sampuli upya, unga ukachanganywa nusu saa yake kamili, Tata Beya akiwa amekaa mbele ya mashine kama mtu anayelinda mgonjwa. Safari hii Jessica na Dady walitoa namba zilizokaribiana. Mwenye mzigo hakufurahi, lakini alilipwa haki yake. Jessica alithibitishwa kazini. Tata Beya alipewa onyo kali na akanyimwa medali. Suti aliivaa kwenye harusi ya mpwa wake, na alipendeza kupita bwana harusi.

Jumapili iliyofuata akakaa kwenye kiti chake cha maswali. Sijui ni shetani gani aliyewapelekea habari, lakini mtu wa kwanza alisimama akauliza juu ya Ahazia. Kanisa lote lilisubiri koti jipya. Tata Beya alisema: "Haya mbili hayakubaliane. Mwenye kunakili alichoka, akakosea namba. Hata miye ninakosaka." Wazee wenzake walishtuka. Walimwondoa kwenye kiti cha maswali, wakampa kazi ya kupanga viti vya waumini. Matokeo yake sasa watu wanafika mapema kabla ya ibada kumuuliza maswali huku anapanga viti, na wanamsaidia kuvipanga, na inasemekana viti vya kanisa lile havijawahi kunyooka namna hiyo. Sisi Wakatoliki tulimkaribisha kwetu. Alikataa kwa adabu, akasema nyimbo zetu ni fupi mno.

Wengine walidhani kwamba imani yake ingepasuka kama gunia. Nilimwangalia kwa makini, kwa nia mbaya kidogo, na haikupasuka. Aliendelea kujibu mezani, ila alibadilika namna. Nilimletea wale wanawake waliokwenda kaburini, ambao kila mwandishi ana hesabu yake, nikidhani atawapanga wote kwenye mstari mmoja kwa zamu. Akasema waacheni kila mmoja na kikombe chake: Yohana alichota Maria Magdalena, Marko alichota watatu, kaburi lilikuwa moja. Kama wote wanne wangeandika neno kwa neno bila kukosana hata kidogo, alisema, angewashuku vibaya sana, kama anavyoshuku wakemia wanaoleta namba zilizofanana kupita kiasi. Na yale asiyoyajua alianza kusema "mi siyue", kisha anaosha sahani. Ameosha nyingi tangu hapo. Nakiri kwamba nilianza kuyaamini majibu yake siku alipoanza kukosa majibu.

Ni yeye aliyeweka sheria kwamba mashine ya kuchanganyia isizimwe na mtu mmoja bila mwingine kushuhudia. Ni yeye aliyemfundisha Jessica kazi ya chumba chake, mpaka harufu ya unga uliokauka vizuri na ule ambao bado. Walikuwa wakibishana kama baba na binti, yaani binti alishinda. Kuanzia mwezi wa saba Jessica Ntumba ndiye mkuu wa chumba cha kuandaa sampuli. Kiti kile cha mguu mfupi ameomba kibadilishwe, na Tata Beya amenuna.

Tunakushukuru, Tata Beya, kwa vikombe vyote, kwa ukaguzi wote tuliopita kwa sababu yako, kwa kelele zako za saa sita ambazo zilitufanya tusome Biblia kuliko mapadri na wachungaji walivyoweza kutusomesha. Tunamshukuru na Mama Laurentine, mke wako, aliyekupigia pasi makoti miaka yote hiyo na ambaye kuanzia sasa atakusikiliza mchana kutwa. Kwake tunatuma pole zetu. Kwako tunakutakia afya, usingizi mrefu, wajukuu wabishi, na kamba imara popote utakapoihitaji. Mimi binafsi nitakukosa sana, na sioni aibu kuliandika mbele ya watu.

Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza, habari za lori lile sikuzitia. Niliandika kwamba Tata Beya aliitumikia maabara miaka yote bila dosari, kama inavyoandikwa kwa kila mstaafu, na sentensi ilitulia vizuri. Nikampa aisome kwanza kwa heshima. Alisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mama Henriette," alisema, "ukifuta kosa yangu, batasema ilikuwa ya Jessica."

Basi nimeliandika. Nenda salama, Tata Beya, maisha yako yawe mema.